Bibi hakuanguka na ungo

Video zenyewe hufanana. Alfajiri, uani kwa mtu, Mbagala au Gongo la Mboto au Tandale, bibi kizee amekaa chini na kanga moja, miguu imejaa tope. Watu wamemzunguka, simu zimewashwa tochi. Akiulizwa jina anataja la dada yake marehemu. Akiulizwa katokea wapi anataja kijiji alichoolewa akiwa msichana. Hapo mtu wa kwanza hutamka neno "ungo". Wa pili anaongeza kwamba ndiyo maana hata nguo hana, alikuwa anawanga. Wa tatu, na huyu ndiye wa kumwogopa, anauliza kama kuna tairi karibu. Bibi akiwa na bahati, mjumbe wa shina anawahi kufika, na baada ya muda anatokea kijana anahema kutoka mtaa wa nyuma: jamani, huyo ni bibi yetu, katoka usiku, tulisahau kufunga mlango.

Aliyesahau mlango ni kijana, na hakuna aliyemwita mchawi.

Baada ya watu kutawanyika, mtaani hubaki majibu matatu. Kuna wanaosema ni uchawi, ama wa kwake ama wa kutupiwa. Kuna wanaosema ni uzee tu, kila mtu akifika huko anarudi utotoni. Na kuna wanaosema ni kichaa. Nimeyasikia yote matatu yakitolewa juu ya mama yangu mzazi, ndani ya mwaka mmoja, na watu wanaompenda. Ndiyo sababu nimekaa chini kuuliza, kusoma na kuwasumbua madaktari, na haya ndiyo niliyorudi nayo.

Tuanze na maneno, maana fujo inaanzia hapo. Mtaani tuna neno moja, kusahau, tunalolibebesha mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni kusahau kwa umri. Mama anakuita kwa jina la kaka yako, kisha la mjomba, kisha la paka, ndipo anafika lako. Ameingia chumbani na hakumbuki alifuata nini. Jina la jirani wa zamani limemponyoka mchana, linamrudia usiku akiwa anakunywa chai. Ubongo uliokula chumvi nyingi hupunguza mwendo, kama basi kuukuu linalohema kupanda Kimara, lakini abiria wote wanafika. Huo si ugonjwa.

La pili madaktari wanaliita dimenshia. Hapa kumbukumbu, lugha, hesabu na uamuzi vinaporomoka kidogo kidogo mpaka mtu anashindwa mambo aliyoyamudu maisha yake yote. Kusahau kutia chumvi kwenye mboga ni umri. Kusimama mbele ya jiko usijue ugali huanza na maji au unga, baada ya kuupika miaka 50, ni jambo jingine. Kusahau jina la imamu ni umri. Kupotea njia ya msikiti uliouendea kila Ijumaa, hapana.

Dimenshia si jina la ugonjwa mmoja. Ni neno kama "homa". Mtu mwenye homa anaweza kuwa na malaria, taifodi au mafua, na mtu mwenye dimenshia anaweza kuwa na ugonjwa wa Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani linasema huchangia asilimia 60 hadi 70 ya visa vyote, au uharibifu wa mishipa midogo ya damu kichwani, au vyote viwili kwa pamoja. Kwa wazee wengi ni mchanganyiko.

La tatu ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, na hilo nitalirudia mbele kwa sababu linaua upesi na ndilo tunalolichelewesha sana.

Sasa lile jibu la "uzee tu". Mwaka 1901, mjini Frankfurt, daktari Mjerumani Alois Alzheimer alianza kumfuatilia mgonjwa aliyeitwa Auguste Deter. Alikuwa haelewi yuko wapi, anaficha vitu, anamshuku mumewe. Alipofariki mwaka 1906 daktari akauchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta mabaki ya protini yamejazana kati ya chembe za ubongo na nyuzi zimesokotana ndani ya chembe zenyewe. Mama huyo alipopelekwa kwa Alzheimer alikuwa na umri wa miaka 51. Ugonjwa tunaouita uzee uligunduliwa kwa mtu ambaye huku kwetu bado angekuwa anagombea uenyekiti wa vikoba.

Ushahidi wa pili uko hapa nyumbani. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakiwapima watu wa miaka 70 na kuendelea, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliokuwa na dimenshia walikuwa takriban 6 kati ya kila 100. Igeuze namba hiyo: karibu 94 kati ya 100 hawakuwa nayo. Ni kweli uwezekano hupanda kadiri miaka inavyosonga, na mwenye miaka 85 yuko karibu nao kuliko mwenye 70. Ila jambo linalowakosa wengi wa wazee haliwezi kuitwa hali ya kawaida ya uzee.

Jangwani ikijaa maji

Hapa ndipo pagumu, na ndipo ninapopapenda.

Mwaka 1986 nchini Marekani ulianza utafiti uliokuja kuwashirikisha masista 678 wa Shirika la Notre Dame. Masista wanafaa sana kwa kazi hii: wanakula chakula kimoja, wanalala chini ya paa moja, wengi walikuwa walimu, na kumbukumbu zao zimetunzwa tangu ujana. Walikubali kupimwa akili mwaka hadi mwaka, na wakifariki ubongo wao uchunguzwe. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba baadhi ya masista waliokuwa na ubongo uliojaa yale mabaki ya Alzheimer walikuwa wamekufa na akili zao timamu, wakisali, wakitania na kujibu maswali vizuri. Mabaki yalikuwepo. Ugonjwa haukuwa umejitokeza.

Inawezekanaje? Chukulia mvua za masika, Bonde la Msimbazi limefurika na barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani. Watu wawili wako Magomeni wanataka kufika Posta. Mmoja anajua njia moja tu, ya mwendokasi, naye atakaa kituoni mpaka maji yapungue. Mwenzake anakatiza Kinondoni, anatokea barabara ya Ali Hassan Mwinyi, anavuka Selander, anafika kazini amechelewa nusu saa. Mafuriko ni yale yale. Tofauti ni njia za panya anazozijua.

Wataalamu wanaliita jambo hili akiba ya ubongo. Kila unapojifunza kitu, chembe za ubongo hujenga na kuimarisha miunganiko kati yao, na mtu aliyejifunza mengi kwa miaka mingi ana njia nyingi za kufikia jambo lile lile. Ugonjwa ukifunga moja anapita nyingine. Ndiyo maana elimu ya utotoni imo katika orodha ya mambo yanayopunguza uwezekano wa dimenshia, na ndiyo maana bibi zetu walionyimwa shule wameingia uzeeni na deni ambalo si lao. Ila akiba haiwekwi darasani peke yake. Ninamfahamu mama wa Tandika ambaye hakusoma hata darasa moja na anabeba kichwani hesabu za upatu za watu 22, nani katoa, nani bado, nani alichukua mwezi gani. Huyo ana akiba.

Na haifungwi na umri. Mwaka 2000 mtafiti Eleanor Maguire wa London alichapisha picha za ubongo wa madereva wa teksi wa mji huo, ambao ili wapewe leseni sharti wakariri maelfu ya mitaa. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linaloshughulika na kumbukumbu na njia, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine, na kadiri dereva alivyokaa kazini muda mrefu ndivyo ilivyozidi. Walijifunza wakiwa watu wazima. Mbuzi akizeeka bado anajua kupanda, tatizo ni sisi tunaomfunga kamba.

Presha, na punje zinazokufa kimya

Kama ningeruhusiwa kusema neno moja tu kuhusu akili ya uzeeni, ningesema presha.

Ubongo una uzito wa kama kilo 1.4, sawa na asilimia 2 tu ya mwili wa mtu mzima, lakini unakula takriban asilimia 20 ya nishati yake. Ni mtoto mdogo mwenye sahani kubwa. Chakula hicho na hewa huletwa na damu kupitia mishipa inayogawanyika mpaka kuwa myembamba kuliko uzi. Sasa fikiria mpira wa kumwagilia bustani uliounganishwa na pampu yenye nguvu kupita kiasi, usiku na mchana, miaka 20. Mpira mkubwa unaweza kuvumilia. Vile vijirija vya mwisho vinakakamaa, vinaziba, vingine vinapasuka.

Mshipa mkubwa ukiziba tunajua wote: mdomo unapinda, mkono haunyanyuki, kiharusi. Mshipa mdogo ukiziba hakuna anayejua. Kipande cha ubongo cha ukubwa wa punje kinakufa na mzee anaendelea kula chakula chake cha jioni. Kesho kutwa punje nyingine. Siku moja familia inashangaa: mbona baba amekuwa mzito wa kufikiri, mbona anakasirika ovyo, mbona hesabu za duka zinampiga chenga? Wanasema imeanza ghafla. Ilianza akiwa na miaka 45.

Utafiti uliofanyika Ilala hapa Dar es Salaam na katika kijiji cha Shari, Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2000, ulikuta takriban watu wazima 3 kati ya 10 wana shinikizo la juu la damu. Kati ya hao, waliokuwa wanajua kwamba wanalo hawakufika 2 kati ya 10. Namba ni za zamani kidogo, ila mazungumzo ninayoyasikia kwenye foleni za zahanati ni yale yale. "Mimi presha sina, kichwa hakiniumi." Presha haiumi kichwa kwa watu wengi, haiumi popote, hujulikana kwa kupimwa tu. "Nilikuwa nayo ikapona, nikaacha vidonge." Haikupona, vidonge viliishikilia, na ulipoviacha ilirudi pale pale ilipokuwa. "Natumia dawa siku nikijisikia vibaya." Hiyo ni sawa na kufunga breki siku ukiona gari limekaribia mtaro.

Je, kuidhibiti kunasaidia akili, au tunasema tu? Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2019, wenye watu zaidi ya 9,000 wa miaka 50 na kuendelea, uliwagawa makundi mawili, moja likishusha ile namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 na jingine hadi chini ya 140. Katika kundi la kwanza walipungua walioingia kwenye hatua ya awali ya kudhoofika akili, ile inayoweza kutangulia dimenshia. Kiwango cha kumfaa mzee wako aamue daktari, maana kuishusha mno kwa mzee dhaifu humwangusha chooni.

Sukari isiyodhibitiwa, sigara na mafuta mabaya kwenye damu hupita mlango huo huo wa mishipa, kwa hiyo sitayarudia moja moja. Chumvi nayo: Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari kwenye mkate na vikolezo vya pakiti. Kile kichupa cha chumvi kinachokaa mezani karibu na mzee kina shughuli gani pale?

Nta

Mama alihamia kwangu Kimara akitokea Lushoto baada ya baba kufariki. Miezi sita ya kwanza akawa mtu mwingine. Ukimwuliza umekula, anasema "ndiyo". Ukimwuliza chakula gani, "ndiyo". Kwenye mazungumzo ya familia anatabasamu tu. Shangazi akasema akili zinaondoka. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akaniletea namba ya mtaalamu wa Bagamoyo.

Daktari alimwangalia masikioni kabla ya kuuliza lolote. Yalikuwa yameziba kwa nta, moja zaidi ya jingine. Yalipooshwa, mama alituambia kwenye gari kwamba redio yangu ina kelele na kwamba shangazi amekuwa akisema maneno ya hovyo muda wote huu.

Nilicheka, kisha sikucheka. Kupungua kusikia ni moja ya mambo yanayotajwa sana na wataalamu wa dimenshia, na si kwa sababu humfanya mzee aonekane mpumbavu peke yake. Asiyesikia vizuri hutumia nguvu zote kubahatisha maneno, hakibaki cha kukumbukia. Akichoka anajitenga. Akijitenga, zile njia za panya zinaota nyasi. Macho ni vivyo hivyo: mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, lakini tuna wazee wanaokaa gizani miaka kwa sababu familia imeamua macho ni ya uzee.

"Mama, pumzika"

Tatizo la pili la mama lilitoka kwangu mimi. Kule Lushoto alikuwa anaamka saa kumi na moja, analima, anashuka sokoni siku ya gulio, anasuluhisha ugomvi wa wakwe, anaongoza kwaya ya akina mama. Dar es Salaam nikamweka ndani ya geti na televisheni. Dada wa kazi anapika, anafua, anafagia. Mama akishika ufagio tunampokonya. Mama, pumzika, umefanya kazi sana. Tamthilia ya Kituruki inamalizika, inaanza nyingine.

Tunaita hiyo heshima, na kwa kweli inatoka moyoni. Wengi tulikua tukimwona mama ameinama shambani, tukaapa siku moja tutamkalisha. Lakini umemkalisha mtu ambaye ubongo wake ulikuwa unafanya kazi kwa kuhitajiwa, na sasa hakuna anayemhitaji. Mstaafu wa serikali anayeondoka kwa lazima akiwa na miaka 60 anaangukia shimo hilo hilo kwa mlango wa mbele: Ijumaa ni mkuu wa idara, Jumatatu ni mzee anayesubiri mlo.

Mwili ukilala akili inaufuata. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2011 uliwachukua wazee 120, nusu wakatembea kwa miguu dakika 40, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima, nusu wakafanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Hipokampasi za watembeaji ziliongezeka ukubwa kwa kama asilimia 2. Za wenzao zilisinyaa kidogo. Dakika 40 ni mama kwenda sokoni kwa miguu, akanunua matembele na dagaa, akapatana bei, akasalimia watu wanane, akarudi. Humo mna mwendo, hesabu, kumbukumbu na umbea, na umbea nao ni kazi ya ubongo, tusidanganyane.

Ndivyo walivyofanya watafiti wa Finland kwa utaratibu wao. Mwaka 2015 walitoa matokeo ya watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77, ambao nusu yao kwa miaka miwili walishughulikiwa kila upande kwa mkupuo: chakula, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na kufuatilia presha na sukari. Walifanya vizuri kwenye vipimo vya akili kuliko waliopewa ushauri wa kawaida tu.

Watu watanitajia Mwalimu Nyerere, aliyeng'atuka urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, na mwaka 1996 akawa ametoa Enjili kwa tenzi huku anasuluhisha mgogoro wa Burundi, na bao hakuliacha. Au Mzee Mwinyi, ambaye kitabu cha maisha yake kilizinduliwa siku alipotimiza miaka 96. Mifano mizuri, nami naipenda, ila mtu mmoja au wawili si ushahidi. Wapo waliofanya kazi na kutembea maisha yote na bado wakapata Alzheimer. Wasilaumiwe.

Hilo la lawama linataka neno zaidi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kubadilishwa, likakadiria kwamba kama yote yangeondolewa, takriban asilimia 45 ya visa vya dimenshia vingezuilika au kucheleweshwa. Namba hii imesambaa vibaya. Haimaanishi ukitii masharti una kinga ya asilimia 45. Ni hesabu ya umati: ukichukua wagonjwa wote duniani, karibu nusu ya mzigo unatokana na vitu vinavyoshikika. Nusu nyingine na zaidi ni umri, urithi na mambo ambayo hayajafahamika. Hakuna dua, juisi wala nidhamu inayokuhakikishia.

Bao, vidonge na piritoni

Je, bao, drafti na mafumbo vinatibu? Jaribio kubwa la Marekani lenye wazee zaidi ya 2,800 liliwafundisha baadhi kukumbuka, wengine kufikiri kwa mantiki, wengine kuchakata mambo haraka. Kwenye vipimo vya akili, kila kundi liliimarika hasa katika lile lililofundishwa. Ukifumbua mafumbo unakuwa hodari wa mafumbo. Bao lina faida nyingine: halichezwi peke yako. Mzee lazima atoke nyumbani, atembee mpaka kwenye mwarobaini, akumbuke kete, abishane, achekwe, ashinde, na kesho arudi kulipiza. Programu ya simu haina mtu wa kukutania.

Vidonge vya kuongeza kumbukumbu vinavyouzwa kwa laki na wakala mwenye tai havina ushahidi wa kutosha. Mti wa ginkgo, unaotajwa sana kwenye makopo hayo, ulijaribiwa kwa zaidi ya wazee 3,000 kwa miaka kadhaa, na matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha haukupunguza dimenshia. Laki hiyo inanunua mashine ya kupimia presha, na chenji inabaki ya nauli.

Halafu kuna dawa zinazoharibu. Piritoni, ile ya mafua ya shilingi chache, wazee wengi wanaimeza kila usiku ili walale. Inazuia kemikali ambayo ubongo huitumia kukumbuka, na kwa mzee inaweza kumletea ukungu wa akili, kuanguka na mkojo kushindwa kutoka. Dawa za usingizi za kundi la valiamu nazo zinaweza kumletea mzee ukungu na kuanguka. Ukimpeleka mzee hospitali beba vidonge vyote, hata vya duka la mtaani, hata vile vya kuazima kwa jirani.

Akichanganyikiwa ghafla

Jana alikuwa mzima. Leo asubuhi anaongea na watu wasioonekana, hajui ni mchana au usiku, anavua nguo, au amezubaa kama amelewa. Hapa maombi na mganga vinawahi kabla ya gari, na hilo ndilo kosa. Kwa mzee, UTI inaweza isimpe maumivu ya mkojo kabisa ikampa hali hiyo. Nimonia pia, malaria, kukosa maji mwilini wakati wa joto la Februari, sukari kushuka kwa sababu ya dawa za kisukari, au kidonge kipya. Mabadiliko ya saa au siku ni dharura, apelekwe siku hiyo hiyo. Wengi hurudi kwenye hali yao chanzo kikitibiwa mapema.

Kuna pia vinavyojificha taratibu na vina tiba: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, ambao metformini ya kisukari ikitumiwa miaka mingi inaweza kuuleta, kaswende ya zamani, na sonona. Mjane aliyekaa kimya, asiyekula, asiyekumbuka, anaweza kuwa na huzuni iliyogeuka ugonjwa. Kabla hujatamka dimenshia, haya yaondolewe kwanza.

Kwa Alzheimer yenyewe hakuna tiba ya kuiponya. Marekani zimeidhinishwa tangu 2023 dawa mpya za dripu zinazopunguza kasi yake kwa walio hatua za mwanzo, kwa gharama kubwa na hatari ya kuvuja damu kichwani. Hilo lisitufanye tukae. Huko huko Hai, wazee wenye dimenshia walikutanishwa katika vikundi, vikao 14 ndani ya wiki 7, mazungumzo na shughuli za pamoja, na waliimarika. Hakuna dripu iliyotumika.

Mtaani kwetu yuko mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye kila jioni hutoka akienda "kuwahi kipindi". Mwanawe hakumfungia. Alikwenda kijiwe cha bodaboda, akaeleza kwa uwazi baba ana ugonjwa gani, akaacha namba ya simu, akaenda kwa mjumbe wa shina akaeleza tena. Siku hizi mwalimu anarudishwa nyumbani kwa pikipiki, amevalishwa helmeti, wakati dereva mwenyewe kichwa kiko wazi. Majeraha ya kichwa nayo yamo kwenye ile orodha ya mambo 14, nimemwambia dereva, akasema yeye bado kijana.

Kwa kupima, anzia kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa iliyo karibu, Amana, Temeke au Mwananyamala. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka msingi wa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo kutibiwa bila malipo, kwa hiyo uliza dirisha la wazee. Ukiandikiwa idara ya magonjwa ya akili Muhimbili, nenda. Hapo ndipo kusahau kunachunguzwa, na kupita mlango ule hakumpi mtu ukichaa.

Mama alipimwa kwa njia niliyoipenda. Vipimo vingi vya zamani vilimtaka mzee asome na kuchora kwa kalamu, na asiyesoma alionekana mgonjwa. Watafiti waliofanya kazi Hai wakatengeneza kipimo kisichohitaji shule: leo ni siku gani, taja wanyama wengi uwezavyo ndani ya dakika moja, kumbuka maneno niliyokutajia, tazama jinsi nilivyopanga vijiti hivi vya kiberiti kisha panga vyako hivyo hivyo. Mama alitaja wanyama mpaka daktari akamwambia inatosha. Maneno mawili yalimponyoka. Vijiti akavipanga sawasawa, akavitazama, akauliza kama anaweza kuondoka navyo, maana yule binti wa jikoni amemaliza kiberiti na yeye kesho anapika mwenyewe.